Mkate niliomlisha sungura wa Fridolina

Jumatatu. Mvua ya vuli inanyesha tangu alfajiri, ile ya taratibu isiyokuwa na radi, na mlima umefunikwa kuanzia kwenye migomba ya jirani yangu Bi Skola kwenda juu. Nimeshuka kutoka Bigwa hadi mjini kwa miguu, na mwavuli wangu umevunjika ubavu mmoja, kwa hiyo bega la kushoto limelowa na la kulia ni kavu.

Moyo uko katikati. Si mbaya, si mzuri. Kama mtu aliyetoka kung'oa jino.

Naandikia hapa kwenye steshenari ya mkwe wangu Mama Anitha, mke wa mwanangu wa mwisho, kwenye kompyuta ya pembeni ambayo wateja hawaipendi. Yeye ndiye aliyenifungulia hii blogu. Alisema, "Baba, badala ya kutusimulia sisi wawili kila siku, wasimulie watu wote." Nadhani alichoka kusikiliza. Lakini nasikia nasomwa, na msomaji mmoja yuko Mtwara. Mimi wa darasa la nne, naandika kwa vidole viwili, nasomwa Mtwara! Wapo waliofika chuo kikuu ambao hata jirani hawasomi barua zao.

Nimemkataza Mama Anitha asirekebishe kitu. Nikikosea, kosa ni langu. Na leo naandika habari ya kosa.

Nianze na hili: mimi sungura nawajua. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa kuwa ni kweli. Ujanani nilifanya kazi misheni kule Matombo, na padri mmoja alikuwa na mabanda ya sungura marefu kama behewa. Miaka miwili nilikaa na wale wanyama. Nilijua nani ana mimba kabla ya padri kujua. Baadaye nikashuka mjini, nikaingia kiwandani, nikashona magunia mpaka kiwanda kilipouzwa na sisi tukaambiwa asanteni. Magunia yamenitoka kichwani. Sungura hawajanitoka.

Sasa Fridolina. Huyu ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Paulina wa Kinole. Ni mwalimu, anakaa Kihonda. Kwetu Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Posa ikija, mjomba anakaa mbele. Ugomvi ukizuka, mjomba anaitwa. Mjomba wa Fridolina ni mimi, mwingine hana.

Na kwa miaka tisa hakukanyaga kwangu.

Sababu ni mivule. Mwaka ule tulipopunguzwa kazi, nilipanda Kinole nikawauzia watu wa mbao mivule iliyosimama kwenye shamba la dada. Sikumuuliza. Nilisema shamba ni la lukolo, na mimi ndiye sauti ya lukolo. Miti ilipoangushwa ikalalia mikarafuu yake na pilipili manga zake, zikavunjika zote upande wa mtoni. Dada akalia. Fridolina akanijia juu mbele ya watu, mimi nikamwambia mtoto hamfundishi mjomba. Sikuwahi kusema nimekosa. Toka siku ile tukikutana msibani ananisalimia kama anavyomsalimia karani wa posta.

Kwa hiyo Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, nilipomwona anapandisha njia yangu amebeba kizimba cha waya, nilisimama na kikombe mkononi nikasahau kunywa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimeitwa semina Songea, wiki mbili. Jirani zangu wana mbwa, na Kinole kwa mama ni mbali. Halafu nimeambiwa wewe ulifuga sungura."

"Umeambiwa na nani?"

"Na wewe mwenyewe, mjomba. Kila msiba."

Ndani ya kizimba alikuwamo sungura dume, mweupe, macho ya rangi ya udongo, jina lake Pamba. Hafugwi kwa nyama. Fridolina ni mjane, na watoto Mungu hakumpa, huyu mnyama ndiye anayemkuta mlangoni akirudi shule. Siku hizi watu wanafuga mnyama wa kumtazama tu. Nchi imefunguliwa, kila kitu ruksa, na mimi sina ugomvi na hilo.

Akanipa karatasi iliyokunjwa. "Mjomba, humu nimeandika anavyokula. Naomba usome."

Nikacheka. Nikamwambia mimi nilikuwa nakaa na sungura wewe hujazaliwa, leo nisomee karatasi? Hakubisha. Alimkuna Pamba katikati ya masikio, akasema, "Sina mwingine wa kumwachia," akashuka.

Sikujua kama anasema sina mwingine wa kumwachia sungura, au sina mjomba mwingine. Vyovyote vile nilielewa uzito wake. Mtu ambaye hajanitazama usoni miaka tisa ameniachia kitu anachokipenda. Nikikirudisha kizima, huenda njia ya kwangu ikaanza kupitika tena. Kikifa mikononi mwangu, basi tena, ataniona msibani kwangu nikiwa nimelala.

Karatasi niliikunja mara nyingine nne nikaisukumia chini ya mguu wa meza, ule unaocheza.

Meza ikatulia.

Nikwambie nilivyofikiri, wewe unayesoma, halafu unihukumu. Mgeni ametoka mjini. Ameletwa kwa heshima. Nimpe majani? Majani hayanunuliwi, yako kila mahali, ukimpa mgeni majani umemwambia nini? Mimi ni mtu wa miaka ya foleni. Nyinyi vijana mmeukuta mkate dukani umekatwa vipande, laini, umevaa nailoni. Mimi nilikuwa naamka na jogoo kupanga foleni ya mkate, na siku ukiisha kabla hujafika mbele unarudi na mikono mitupu, unapishana njiani na aliyeupata, anauficha ndani ya koti kama mwizi. Marehemu mke wangu alikuwa anautunza mkate kabatini kwa ajili ya mgeni. Watoto waliruhusiwa kuunusa tu. Leo maduka manne yako kati ya kwangu na barabara kuu, na yote yana mkate. Nimpe mgeni majani?

Basi asubuhi nilimpa Pamba mkate uliochovywa maji ya sukari. Mchana ndizi mbivu. Jioni pumba za mahindi nilizokanda na unga kidogo zikashikana. Majani nilimwekea pia, machache, kama kachumbari pembeni ya pilau.

Alikula! Alikula mpaka masharubu yanacheza. Ndizi aliidaka mkononi mwangu. Nilijisifu kwa Bi Skola, nikamwambia njoo uone mnyama anavyotunzwa na mtu anayejua.

Siku ya nne, alfajiri, nikaona jambo likanikata maini. Nilifungua dirisha nikamkuta Pamba amejikunja, kichwa kimeingia chini ya tumbo, anatafuna. Nikasogea. Alikuwa anakula kinyesi chake mwenyewe. Si zile punje kavu, hizi zilikuwa laini, zinang'aa, zimeshikamana kama kichala cha pilipili manga mbichi.

Nilishika kichwa. Mgeni wa watu anakula mavi nyumbani kwangu!

Kule misheni sikuwahi kuliona hilo, maana alfajiri mimi nilikuwa porini. Nikasema huyu ana njaa. Kumbe chakula changu hakimtoshi, anaona haya kuomba. Na akirudi kwao, Fridolina akiona ana tabia hii, atasema mjomba alimlaza njaa. Nikaamua mambo mawili. La kwanza, kila alfajiri nikae karibu na ufagio, akijikunja tu nimgutushe. La pili, niongeze mkate.

Siku tano nilimlinda hivyo. Alikuwa ananitazama kwa jicho moja, na mimi namwambia, mtoto wa kiume hali hivyo.

Jumapili jioni hakudaka ndizi.

Nikadhani amechoka. Jumatatu asubuhi, leo ni wiki moja kamili, nilimkuta kwenye kona, mgongo umepinda kama mzee wa baridi yabisi, masikio yamelala, na ukitega sikio unasikia meno yanasagana. Mkate wa jana ulikuwa palepale umevimba. Nikatazama sakafu ya kizimba. Safi kabisa, hakuna punje hata moja. Na niandike ukweli, nilifurahi kwanza. Nilisema, angalau amejifunza usafi.

Halafu nikamgusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ngoma iliyowambwa juani.

Bi Skola alifika wakati huohuo. Huyu ni jirani yangu wa juu, na ukoo wake na wangu ni watani. Kwetu mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata juu ya jeneza lako, na huruhusiwi kununa. Alikuja na sufuria, na ndani ya sufuria kitunguu kimoja.

"Hodi wenye msiba!"

"Msiba gani? Hakuna aliyekufa hapa."

"Najua hajafa. Ndiyo maana nimewahi, nisije nikagawiwa kichwa na masikio. Mimi niandikie paja."

"Skola, leo sina utani."

"We Lusiani hukuwa nao hata ulipokuwa na meno." Akachungulia kizimbani. Akaweka sufuria chini. "Amekula nini huyu?"

Nikamwambia amekula vizuri kuliko watoto wangu walivyokula. Akatazama ule mkate uliovimba, akanitazama mimi, na sauti ikabadilika. Alisema, "Mpeleke kwa Bwana Lameki sasa hivi. Maana Fridolina akirudi akakuta huyu amekufa, hata mimi sitakuwa na la kukutania."

Mtani akikosa utani, ujue umefika pabaya.

Nilimweka Pamba kwenye tenga la nyanya, nikafunika kwa koti langu, nikashuka. Walionisalimia shikamoo niliwaitikia bila kuwatazama. Kila baada ya hatua kadhaa nilitia mkono ndani ya koti kusikia kama moyo wake unapiga. Ulikuwa unapiga mbio, kama cherehani.

Bwana Lameki alikuwa bwana mifugo wa serikali. Siku hizi amestaafu, ana duka lake la dawa za mifugo mtaa wa pili kutoka sokoni, na ana adabu yake ya kuuliza swali moja halafu kungoja. Alimtoa Pamba kwenye tenga, akambonyeza tumbo taratibu kwa vidole viwili, akamwinamia akasikiliza ubavuni.

"Mara ya mwisho kunya ni lini?"

"Sijui. Juzi labda. Kizimba ni kisafi."

"Kisafi," akasema. "Mzee wangu, sungura mwenye kizimba kisafi anakufa. Umemlisha nini?"

Hapo nikapandisha mabega. Nikamwambia mimi si mgeni wa sungura, nimefanya kazi misheni Matombo miaka miwili, mabanda marefu kama behewa.

"Vizuri. Kule mlikuwa mnawalisha nini?"

"Majani."

"Aliyekuwa anayakata nani?"

"Mimi. Mizigo miwili kwa siku, mmoja asubuhi na mmoja jioni, naanika juu ya bati kwanza."

"Waliugua matumbo?"

"Hata mmoja."

"Na huyu umempa nini?"

Nilitazama dawa zilizopangwa ukutani. Nilisema "mkate" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Hakunicheka. Angenicheka ningebeba tenga langu nikaondoka, najijua. Aliniwekea kigoda akanieleza, na ninayaandika hapa alivyoyasema kwa sababu naona siku hizi sungura wa kupendwa wamekuwa wengi, na wazee wenye mkate ni wengi vilevile.

Alisema tumbo la sungura ni mashine isiyotakiwa kusimama. Chakula kinasukumwa na chakula kingine kinachokuja nyuma yake, na kinachosukuma vizuri ni nyuzinyuzi za majani. Kwa hiyo sungura anatakiwa atafune majani mchana kutwa, majani makavu hasa, ukoka ulioanikwa, yawe mbele yake wakati wote kama maji. Majani mabichi yanafaa, ila yanyauke kwanza, yasiwe na maji ya mvua. Na meno ya sungura yanakua kila siku, bila majani hayapati cha kuyasugua, yatazidi kurefuka mpaka yamchome mdomo.

Mkate, unga, pumba nyingi, ndizi, sukari, alisema hivyo vyote vikifika kule ndani vinachacha kama pombe kwenye pipa. Hewa inajaa. Tumbo linauma, na likiuma hali, na asipokula mashine inasimama, na ikisimama linauma zaidi. Sungura hawezi kutapika, wala hewa haimtoki kirahisi kama wewe na mimi, ukajua ana shida. Anajikunja tu kwenye kona. Akikaa siku nzima bila kula bila kunya, usingoje ya pili.

Nikauliza lile la kinyesi. Niliona haya, lakini niliuliza. Akasema, "Ile ni sehemu ya chakula chake. Tumbo linayachachua majani mara ya kwanza, anayatoa laini, anayala tena alfajiri, ndipo anapata nguvu yake. Wote wanafanya hivyo. Sana sana wanafanya wakati sisi tumelala."

"Mimi nilikuwa namzuia na ufagio."

Bwana Lameki alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Alinipa bomba la sindano lisilo na sindano, la kumnyweshea maji kidogo kidogo pembeni ya mdomo. Akaniambia kila mara nimsugue tumbo kwa kiganja, taratibu, kuelekea nyuma. Nimtoe kizimbani atembee. Mkate mwiko. Majani makavu mbele yake, na mpaka kesho yake adhuhuri akiwa hajanya nimrudishe. Wakati namfunika na koti akauliza, "Mwenyewe hakukuachia maelekezo yoyote?"

Nikasema aliniachia.

Akasema, "Haya."

Nilipofika nyumbani niliinua meza nikaitoa ile karatasi. Ilikuwa imeingia alama ya mguu. Sasa hili sijamwambia mtu yeyote, naliandika hapa kwanza. Mimi kusoma najua, ila maandishi ya mkono yaliyounganishwa unganishwa yananishinda. Gazeti nasoma, chapa nasoma. Barua ya mkono inabidi nimpe mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mke wangu. Ndiyo sababu niliicheka ile karatasi. Siyo kwamba nilijua yaliyomo. Niliogopa kuifungua mbele yake.

Niliikunjua. Aliandika yote kwa herufi kubwa, moja moja, zimeachana, kama za kitabu cha darasa la kwanza. MAJANI MAKAVU KILA WAKATI. MAJI SAFI. ASIPEWE MKATE. ASIPEWE NDIZI ILA KIPANDE KIMOJA CHA KIDOLE. ASUBUHI ANAKULA KINYESI LAINI, MWACHE.

Alijua.

Alijua mjomba wake anasoma nini na hawezi kusoma nini, akakaa chini akaniandikia herufi ninazoziweza, halafu hakusema kitu.

Nilikaa na ile karatasi kwa muda wa kumaliza rozari nzima. Sikusali lakini. Nilikuwa nasoma.

Baadaye nikachukua mundu. Mvua zilikuwa zimeanza na ukoka wote umelowa. Nilikata mzigo mmoja, nikautingisha, nikatafuta mahali pakavu ndani ya nyumba. Hapakuwa na mahali ila kitandani. Nikatandua shuka nikaanika majani juu ya godoro, nikafungua madirisha yote upepo upite. Bi Skola alinikuta nayapindua kama anayeanika karafuu. Akasema, "Mwanamume amefiwa na mke, sasa analala na ukoka." Nikajua utani umerudi, na ukirudi utani kuna matumaini. Akapanda kwake akaniletea majani makavu aliyokuwa anatandikia kuku, yale safi ya juu, ya kuanzia.

Siku ile na asubuhi iliyofuata sikufanya kazi nyingine. Maji kwa bomba, kidogo. Kiganja tumboni, taratibu. Nilimweka chini atembee, akapiga hatua tatu akakaa. Nikambeba nikamrudisha mwanzo wa chumba, akapiga nne. Mikono yangu imeshona magunia miaka ishirini na ushee, ni migumu kama kwato, lakini nakwambia ilimsugua yule mnyama kama inagusa yai. Sijui ilijifunzia wapi.

Jumanne, chai ya saa nne ikiwa mkononi mwa Bi Skola, Pamba alivuta jani moja kavu. Akalitafuna lote, kama anavuta uzi. Akavuta la pili. Halafu akainuka, akasogea, na pale alipokuwa amekaa pakabaki punje saba. Ndogo, nyeusi, kavu, kama pilipili manga iliyoanikwa.

Bi Skola akapiga kigelegele. Watu wa barabarani wakasimama. Akawatangazia, "Mpwa wa Lusiani amekunya!" Ukoo mzima umeaibika, na mimi sikujali hata chembe.

Kufikia Alhamisi alikuwa anakula ukoka kama mashine. Alfajiri alipojikunja niligeukia ukutani nikamwacha na shughuli zake.

Sasa nifike jana. Jana ndiyo iliyonileta hapa.

Fridolina alikuja baada ya misa. Nilikuwa nimejiandaa. Kizimba kimejaa majani makavu, maji safi, Pamba mzima anarukaruka. Karatasi nimeikunja nimeirudisha mfukoni mwangu, siyo chini ya meza. Nilikuwa nimemwambia Bi Skola abaki kwake, na akitoa neno namfungia mlango wa kwangu. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Mnyama mzima, mpwa ameridhika, mjomba amesifiwa. Nani kaumia?

Alimbeba, akamgeuza, akampapasa ubavu, akatazama sakafu ya kizimba na zile punje zimetapakaa. Akatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwake tangu akiwa na sare ya shule.

"Mjomba, kumbe kweli. Sungura unawajua."

Maneno hayo ndiyo niliyoyangoja wiki mbili. Kama si miaka tisa. Mimi sifa nazipenda, hapa sitajificha, wanaonisoma mnanijua. Mtu akinisifu natafuna taratibu ili isiishe. Ile ya jana niliitia mdomoni ikagoma kushuka.

Nikasema, "Siwajui."

"Unasemaje mjomba?"

"Nimekosa, Frida. Nilimlisha mkate. Karatasi sikuisoma. Alikaribia kufa, Bwana Lameki ndiye aliyeniokoa, na majani ni ya kuku wa Skola. Nilimgutusha kwa ufagio asile kile kinyesi chake. Nimekosa."

Hakufoka. Ningependa afoke. Alikaa kwenye kile kigoda cha mlangoni akamweka Pamba mapajani, akawa anamkuna katikati ya masikio, na mimi nimesimama nyumbani kwangu mwenyewe kama mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi shuleni.

"Alilala kwenye kona?"

"Alilala."

"Meno yakawa yanasagana?"

"Ndiyo."

"Aliwahi kunifanyia hivyo mwaka jana. Nilimpa biskuti." Mvua ilikuwa imeanza kudondoka kwenye bati. Kisha akasema, bila kunitazama, "Toka nizaliwe, mjomba, leo ndiyo nakusikia unasema umekosa."

Nikasogeza kizimba mbali na matone.

"Na mivule ya mama?"

Hili ndilo swali. Nilijua litakuja siku moja, ila sikujua litakuja kwa mguu wa sungura. Majibu ninayo, ya zamani, yamepangwa vizuri: shamba ni la lukolo, nilikuwa sina kazi, mjomba ni sauti. Nimeyasema miaka tisa mpaka nimeyakariri kama sala ya Baba Yetu. Jana niliyatafuta yote nikayaona yamesimama mlangoni, na hakuna hata moja lililotaka kutoka.

Nikasema, "Hata hiyo."

"Hata hiyo nini?"

"Nimekosa."

Akatikisa kichwa, si kwa kukubali, si kwa kukataa. Alimweka Pamba kizimbani, akajaza mfuko mmoja majani kutoka kitandani kwangu, akasema ukoka wangu ni mzuri kuliko anaonunua Kihonda. Halafu akiwa ameshavuka kizingiti aligeuka. "Lakini mjomba, mikarafuu haikuwa yangu. Mimi umeniambia. Mwenyewe yuko Kinole."

Akashuka na kizimba chake, kanga imefunika juu mvua isimguse mnyama.

Basi hayo ndiyo ya jana, na ndiyo sababu leo moyo uko katikati. Mama Anitha amepita nyuma yangu mara mbili akijifanya anatafuta karatasi za fotokopi. Namwona anasoma. Asome tu, kesho Mtwara watasoma.

Nimepita sokoni nikamuuliza dereva wa gari la ndizi. Anapanda Kinole kesho asubuhi gari likiwa tupu, na amesema nafasi ya mbele ipo kama sitamsimulia habari za misheni njia nzima. Nimekubali, na kwa mtu kama mimi hilo si jambo dogo.

Nilipokuwa nashuka leo nilijaribu kuyapanga maneno. Ya sungura yalitoka yenyewe, kwa sababu nilibanwa na sifa. Haya ya dada hayataki kupangika. Paulina ni mkubwa kwangu, alinibeba mgongoni, na hatanisifu kitu, kwa hiyo sitakuwa na pa kushikia. Nimwambie nikiwa nimesimama au nimekaa? Nianze na mikarafuu au na mivule? Na kama akiniitikia marahaba akaendelea kupepeta mchele wake kana kwamba sijasema kitu, nitasema mara ya pili, au nitapanda gari nirudi?